Nyuki, sheria, uzazi na kompyuta katika chumba kimoja: vitabu hivi vipangweje?

SWALI

Habari za kazi, ndugu mkutubi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi wilayani Mvomero. Serikali ya kijiji imenipa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya pembejeo ili tukifanye maktaba, na watu mbalimbali wametuchangia vitabu, yapata mia saba, bado vimo kwenye maboksi. Vya hadithi ni vichache mno. Vilivyobaki havina kichwa wala miguu: ufugaji wa nyuki, sheria, uzazi, kompyuta, ndege wa porini, mapishi, dini, ufundi magari, historia, uhasibu. Vingi ni vya Kiingereza. Kijana wangu anashauri tupange kwa ukubwa ili rafu zipendeze. Nimesikia habari za namba za Dewey, za kupangia vitabu kwa mada, lakini kila nikisoma naona ni elimu ya chuo. Nianzie wapi? Na vile ambavyo hata sielewi vinahusu nini nivifanyeje?

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kupata chumba. Wengi wanaoniuliza wana vitabu bila chumba, au chumba bila rafu.

Nianze na la kijana wako, kwa sababu halijakosea kiasi unachoweza kudhani. Zipo maktaba kubwa duniani zinazopanga kwa kimo, ila ni kwenye ghala ambamo msomaji haingii: anajaza karatasi, mhudumu anakwenda kumletea. Huko kimo kinaokoa nafasi. Chumba chako ni cha watu kuingia, kusimama mbele ya rafu na kuchagua wenyewe. Aliyefuata kitabu cha kuku atakikuta kimebanwa kati ya Biblia na kitabu cha umeme kwa vile tu vyote vitatu vina urefu mmoja, na akikosa mara mbili harudi tena. Mwambie kijana kimo tutakitumia kwa jambo moja: atlasi na vitabu vikubwa vya picha vilazwe rafu ya chini kabisa.

Sasa, kabla ya namba yoyote, toa. Najua kwa mwalimu kutupa kitabu ni jambo zito, na waliochangia watauliza. Lakini vitabu vya maarifa vina hatari ambayo vya hadithi havina. Hadithi ya mwaka 1970 ni hadithi hata leo. Kitabu cha afya cha miaka ya 1990 kinachomwelekeza mama ampe mtoto mwenye malaria klorokwini kilikuwa sahihi siku kilipochapwa. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na ilipofika 2007 dawa mseto ilikuwa imeshika nafasi hiyo. Msomaji wako hatatazama mwaka. Ataona kitabu kina mhuri wa maktaba ya kijiji, na kwake mhuri huo una uzito wa neno la serikali.

Kwa hiyo chukua kitabu kimoja kimoja, fungua nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye maandishi madogo ya hakimiliki, utafute mwaka. Hapo uwe makini. Kitabu kinaweza kuandikwa kimechapwa 2004 ilhali yaliyomo ni ya 1978. Unachotaka ni mwaka wa toleo, yaani mara ya mwisho mwandishi alipoyapitia maandishi yake na kuyarekebisha. Chapa ni mashine kurudia kilekile. Ukikuta mstari wa tarakimu kuanzia 10 kushuka hadi 1, au uliokatwa njiani, ile ndogo kuliko zote inakuambia hii ni chapa ya ngapi. Haikuambii lolote kuhusu umri wa maarifa.

Ukali wako usilingane kwa mada zote. Kwenye tiba na dawa mimi ni mkali kupita kiasi: kilichozidi miaka kumi kinatoka, isipokuwa cha maumbile ya mwili, maana mifupa na mishipa iko palepale. Sheria ni vilevile. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 zote ni za mwaka 1999. Kitabu chochote kinachoeleza haki za ardhi Tanzania kabla ya hapo ni kitabu cha historia, na mwanakijiji mwenye kesi ya mpaka wa shamba akikitumia ataingia baraza la ardhi akiwa ameshapotea. Kama unakipenda, kipe namba ya historia na ubandike karatasi ndani ya jalada useme hivyo waziwazi.

Kilimo kinataka uvumilivu zaidi, kwa sababu ndani ya kitabu kimoja kuna sura zilizokufa na sura zilizo hai. Mboji, matuta, kupandikiza miche, kumkamua ng'ombe kwa usafi: hayo yaliyoandikwa 1965 bado yanafaa. Sura ya viuatilifu ndiyo ya kuogopa. Endosulfani, kwa mfano, ilipendekezwa kwenye vitabu vingi vya pamba na mboga, kisha mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Na kuna yale ambayo kitabu cha zamani hakiwezi kuyajua: viwavijeshi vamizi viliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza 2016 na hapa kwetu 2017, kwa hiyo kitabu cha mahindi cha 2010, hata kiwe kizuri namna gani, hakina msaada kwa mkulima anayeona majani yametobolewa. Vitabu vya namna hii usivitoe. Chukua kalamu nyekundu, andika juu ya sura ya dawa: "Muulize bwana shamba kwanza." Wakutubi wenzangu wa maktaba kubwa watashtuka kusikia naruhusu kuandika kwenye kitabu. Wao hawana wasomaji wanaotoka rafuni kwenda moja kwa moja duka la pembejeo.

Kompyuta: kitabu cha kufundishia Windows XP kitoke, kampuni yenyewe iliacha kuihudumia mwaka 2014. Atlasi inayoonyesha Zaire, au Sudan kabla haijagawanyika 2011, au Tanzania isiyo na Geita, Katavi, Njombe na Simiyu (2012) wala Songwe (2016), bakiza moja kwa ajili ya somo la historia, nyingine zitoke. Hisabati, sarufi, useremala, ushonaji, mapishi, ndege wa porini: bakiza vyote kama havijaliwa na mchwa.

Halafu kuna visivyo na kosa lolote ila havina msomaji. Kila shehena ya vitabu vya msaada inakuwa navyo: mwongozo wa kodi ya mapato ya Kanada, utunzaji wa bustani kwenye theluji, uwekezaji kwenye soko la hisa la New York. Visikuhurumishe kwa upya wake. Vinakula nafasi ya rafu na, baya zaidi, vinamfanya mgeni aone rafu imejaa lakini hana cha kuchukua.

Vilivyotoka vipeleke wapi? Vyenye picha nzuri wape walimu wa shule ya msingi wakate za kufundishia. Vingine viuzwe kwa kilo, isipokuwa vya tiba. Hivyo nakuomba uvichane au uvichome. Ukurasa wa dozi ukienda kufungia karanga bado unasomeka, na Watanzania tunasoma karatasi za karanga. Ili usilaumiwe peke yako, andika masharti ya kupokea na kuondoa vitabu kwenye karatasi moja, mtendaji wa kijiji asaini, uibandike mlangoni kabla hujatoa hata kimoja.

Tuje kwenye namba. Elimu ya chuo uliyokutana nayo ni mwili ulionenepa baadaye. Melvil Dewey alipotoa mpango wake Marekani mwaka 1876 kilikuwa kijitabu cha kurasa 44. Toleo la 23, la mwaka 2011, ni juzuu nne nene. Wewe unahitaji mfupa tu, nao ni huu: maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, kila fungu mafungu kumi, na kila dogo tena kumi, ndiyo maana namba ina tarakimu tatu. (Mtu mwenyewe hatulazimiki kumsifu. Mwaka 2019 chama cha maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye medali yake kwa sababu ya ubaguzi wake na jinsi alivyowafanyia wanawake. Namba zimebaki kwa kuwa hakuna aliyeleta nyingine zilizoenea kiasi hicho.)

Kwa maboksi yako mgao utakuwa hivi. Kompyuta na ensaiklopidia huanzia 000. Falsafa na saikolojia ni 100, dini 200. Mambo ya jamii ni 300, humo ndimo utaweka uchumi (330), sheria (340), elimu (370) na mila (390). Lugha 400. Sayansi zenyewe 500: hisabati 510, fizikia 530, mimea 580, wanyama 590, na wale ndege wako wa porini 598. Sanaa na michezo 700, fasihi 800, historia na jiografia 900. Nimeiruka 600 makusudi kwa sababu huko ndiko maktaba yako itakakoishi. Ni fungu la maarifa ya kutendea kazi: tiba 610, uhandisi na ufundi 620, kilimo na mifugo 630, mambo ya nyumbani kama mapishi na ushonaji 640, biashara na uhasibu 650, ujenzi 690. Kwa orodha uliyoniandikia, sitashangaa nusu ya vitabu vyako ikiangukia hapo.

Kwingine kote, ukiacha historia ya nchi zetu, tarakimu tatu zinatosha, tena kwenye 100 na 700 hata mbili zenye sifuri zinatosha. Kwenye 600, rafu ikijaa, ongeza nukta. Mazao ya shambani ni 633, matunda 634, mboga 635, mifugo 636, nyuki 638. Ndani ya 636 kuku wanapata 636.5. Magari yote 629.2. Ukifika hapo simama. Atakayekuambia uandike namba ya tarakimu tisa kwenye mgongo wa kitabu cha kurasa sitini mwache na maktaba yake.

Jambo dogo linalovuruga rafu kuliko yote ni mpangilio wa nukta. Kitabu cha tiba ya mifugo ni 636.089, cha kuku 636.5. Kipi kinatangulia? Wanafunzi wanaokusaidia watasema cha kuku, kwa sababu 5 ni ndogo kuliko 89. Siyo. Baada ya nukta tunasoma tarakimu moja moja: 0 iko kabla ya 5, kwa hiyo 636.089 inatangulia. Hili utalifundisha vizuri kuliko mimi, lakini lifundishe siku ya kwanza, kabla hawajarudisha kitabu hata kimoja.

Na habari njema: namba za vitabu vingi huhitaji kuzitafuta. Kwenye ukurasa uleule wa hakimiliki, vitabu vingi vilivyochapwa Marekani, na baadhi ya vile vya Uingereza, vina kifungu kidogo cha taarifa za katalogi. Mwishoni mwake utaona kitu kama 638.1 kikifuatiwa na herufi dc na tarakimu mbili. Hiyo 638.1 ndiyo Dewey yake. Hizo tarakimu mbili ni toleo la mpango lililotumika, usizihangaikie. Nakili namba, ikate ibaki fupi, umemaliza. Vitabu vyetu vya hapa nyumbani mara nyingi havina kifungu hicho. Vyenyewe utavitambua kwa ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu: baada ya 978, kama ipo, namba inayoanza na 9976 au 9987 ni ya mchapishaji wa Tanzania, 9966 ni wa Kenya. Hivyo vitenge pembeni kwa heshima, na kwenye zoezi la kutoa viwe vya mwisho kuguswa. Kitabu cha muhogo kilichoandikwa Tanzania kina uwezekano mkubwa wa kuzungumza na udongo wenu.

Kitabu chenye mada mbili kinasumbua kila mtu, na Dewey ina kanuni zake. Kama mada moja imebeba kurasa nyingi, kifuate hiyo. Zikilingana, kuku na nyuki tuseme, kinakwenda kwenye namba inayotangulia, yaani 636. Mada zikiwa tatu au zaidi ndani ya fungu moja, panda juu: kuku, nyuki na samaki kinakuwa 630. Na elimu moja ikitumiwa kwa ajili ya nyingine, fuata anayehudumiwa. Hisabati kwa wauguzi iende kwa wauguzi, kompyuta kwa wahasibu iende 657. Mwenye kutafuta hisabati hatakihitaji kitabu hicho, muuguzi atakihitaji.

Mpaka hapa nimekupa yale ambayo mkutubi yeyote angekupa. Ninalotaka ulishike zaidi linatokana na udhaifu wa mpango wenyewe. Dewey haipangi kwa kitu; inapanga kwa elimu inayokitazama kitu hicho. Chukua samaki. Samaki kama kiumbe ni 597. Kumvua kwa biashara ni 639.2, kumfuga bwawani 639.3. Kumpika ni 641.6. Kumvua kwa starehe, kwa ndoano na kiti cha kukunja, ni 799.1, kule kwenye michezo. Nyuki vilevile: mdudu yuko 595, mzinga uko 638. Kila kitabu kiko mahali pake sahihi, na bado mama aliyekuja akisema "nataka vitabu vya samaki" ataonyeshwa rafu moja na kukosa nne. Dewey mwenyewe aliliona hili, ndiyo maana tangu kile kijitabu cha 1876 kulikuwa na faharasa ya maneno nyuma yake. Maktaba ndogo nyingi nilizozitembelea zimechukua namba zikaacha faharasa.

Kwa hiyo nunua daftari la kaunta, kata pembeni yake hatua za herufi A hadi Z, utengeneze faharasa yenu. Siyo ya maneno ya kitaalamu. Ni ya maneno watakayoingia nayo mlangoni. Ukurasa wa herufi M utakuwa na MIRATHI, 346, MIMBA, 618, MIKOPO, 332, na chini yake "tazama pia VICOBA". VICOBA na SACCOS ni 334, penye ushirika. Ukurasa wa P una PRESHA, 616, PIKIPIKI, 629.2. Ukurasa wa B una BODABODA, "tazama PIKIPIKI". Ukurasa wa S una SUKARI, na hapo andika mistari miwili: ugonjwa, 616, kilimo cha miwa, 633. Hakuna mtu atakayekuja kwako akasema anatafuta magonjwa ya tezi na homoni. Atasema mama ana sukari. Uzazi wa mpango uko 613 na ujauzito 618, mahali pawili tofauti, na msichana mwenye aibu hatauliza mara mbili. Daftari likiwa mezani atalifungua mwenyewe.

Maneno hayo usiyatunge ukiwa umekaa. Miezi ya mwanzo, kila anayeuliza kitu, andika neno lake kama alivyolitamka kabla hujamjibu. Ukiwa na kitabu cha kumpa, weka namba mbele. Ukikosa, acha nafasi wazi. Zile nafasi wazi ndizo orodha yako ya kuomba vitabu, na siku mfadhili akija na swali la "mnahitaji nini?" utamfungulia daftari badala ya kusema "vyovyote tu", jibu ambalo ndilo lililokuletea kodi za Kanada. Mkutubi wa Madras, India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za kazi yetu, ya nne ikiwa kuokoa muda wa msomaji. Mimi naipima maktaba ya kijiji kwa hiyo kuliko kwa usahihi wa namba. Kitabu cha nyuki kikikaa 638 au 595, tofauti ni ndogo. Kama neno NYUKI lipo daftarini na namba mbili mbele yake, mfugaji ameshafika.

Dini itakuletea maneno, kwa hiyo iamue mapema. Dewey alikuwa Mkristo wa Marekani ya karne ya 19 na fungu lake linaonyesha hivyo: Biblia na Ukristo vimepewa kuanzia 220 hadi 280, dini nyingine zote zimesukumwa 290, Uislamu ukiwa 297. Kwenye rafu ndogo hilo halionekani sana, ila namna ya kuweka inaonekana. Vitabu vya 200 vipe rafu ya juu kabisa ya kabati lenu, fungu zima, ili Msahafu usikae chini ya kitabu chochote wala usawa wa miguu ya watu. Waislamu wa kijijini watalitazama hilo kabla ya kutazama namba. Biblia na vitabu vya Kikristo vikae rafu hiyohiyo. Vijitabu vya kukashifu dini ya mwenzio, vya upande wowote, sikuvitaja kwenye zoezi la kutoa kwa sababu sikudhani vinahitaji kutajwa.

Kwenye lugha, Kiingereza kimepewa 420 nzima na Kiswahili kikawekwa 496.392, mkiani. Mpango wenyewe unaruhusu lugha ya wenyeji ipewe namba fupi ya mwanzo, 410, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo bila kuomba radhi. Kamusi zigongwe mhuri wa REJEA na zisiazimishwe. Vitabu vya methali usishangae kuvikuta 398, jirani na mila, mbali na fasihi. Viache hukohuko, ila daftarini andika METHALI.

Usitenganishe vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza. Najua shule nyingi hutenga, na inaonekana nadhifu. Lakini mtu aliyefuata nyuki anataka aone vyote vya nyuki pamoja, achukue cha Kiswahili asome, na cha Kiingereza atazame michoro ya mizinga. Cha Kiswahili kizungushie utepe wa rangi chini ya mgongo, kionekane kwa mbali kila kilipo. Vya wasifu wa watu viweke vyote 920 kwa alfabeti ya jina la anayeelezwa, siyo la mwandishi. Historia ya Tanzania ni 967.8, vya Kenya ni 967.62 na Uganda 967.61, vitakuwa majirani.

Mengine nayapitia haraka. Kila kitabu kilichobaki kiandikwe kwenye leja ya mapokezi: namba ya mfuatano, tarehe, mwandishi, jina, mwaka, kimetoka kwa nani, namba ya Dewey. Mhuri mmoja ukurasa wa jina, mwingine ukurasa wa ndani mtakaouchagua na usiobadilika, siri ya kutambua kitabu kilichochanwa mwanzo. Kwenye mgongo bandika namba, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Kurasa zilizoachia usizibandike kwa seloteipu, baada ya miaka michache inageuka kahawia na kula karatasi. Tumia gundi nyeupe ya maseremala kwa brashi nyembamba. Chumba kilikuwa cha pembejeo, hivyo kioshwe na kikae wazi mpaka harufu ya dawa iishe kabla mtoto hajakaa humo kusoma. Miguu ya kabati isimame ndani ya makopo yenye oili chafu kwa ajili ya mchwa, na mgongo wa kabati usiguse ukuta.

Usingoje mia saba viishe ndipo ufungue. Maliza 610 na 630, weka daftari mezani, fungua mlango. Vingine vitaingia rafuni watu wakiwa wanasoma.

Na vile usivyovielewa. Jina la kitabu ni shahidi mbaya, hasa vya Kiingereza, wanapenda majina ya mafumbo juu na maelezo ya kweli kwa herufi ndogo chini yake. Anza na hizo herufi ndogo. Kisha yaliyomo, kisha aya ya kwanza na ya mwisho ya dibaji, ambako mwandishi kwa kawaida hutaja anamwandikia nani. Bado? Nenda faharasa iliyo nyuma, uangalie neno lenye kurasa nyingi mbele yake. Neno hilo ndilo kitabu. Dakika tano kwa kitabu, isizidi. Vitakavyokushinda viweke boksi moja, liandike BADO, na ukipata safari ya Morogoro mjini pita navyo maktaba ya mkoa. Wanayo majedwali kamili ya Dewey na watumishi wa Bodi ya Huduma za Maktaba wanaoyatumia kila siku. Mkikaa nao mezani, boksi hilo ni kazi ya asubuhi moja.